Gurudumu la Gia Nne, Wenzo wa Gia Tatu

Mume wa dada yangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni katika kijiji kimoja upande wa Igalula. Shule yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili vya udongo, na siku za Jumapili chumba kikubwa kiligeuka kanisa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye haraka. Hata chakula alikula kama mtu anayeitwa nje. Mali aliyoipenda kuliko zote ilikuwa baiskeli yake ya gia tatu. Kwa kuwa mimi nilikuwa fundi baiskeli pale Chemchem, mjini Tabora, baiskeli ile ilipita mikononi mwangu mara nyingi, na kila mkwaruzo wake niliujua ulikotoka.

Siku hizo, wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili, baiskeli nyingi za huku kwetu zilikuwa za gia moja. Unakanyaga, inakwenda, kilima kikikushinda unashuka na kuisukuma. Zile za gia tatu zilikuwa chache. Katikati ya gurudumu la nyuma zilikuwa na kopo la chuma, mafundi tukiliita habu, na ndani yake vigurudumu vidogo vya meno vilivyobanana. Kutoka kwenye habu waya mwembamba ulipanda mpaka kwenye usukani, ukaishia kwenye wenzo mdogo wa kusukumwa kwa kidole. Ukisukuma wenzo, waya unavuta, gia inabadilika. Na ukiacha kukanyaga habu inalia, tik, tik, tik, kama kitu kinachohesabu.

Jumamosi moja ya kiangazi shemeji alishuka kwenye treni, akaja mpaka kibarazani kwangu akiikokota baiskeli.

"Shemeji, imekufa," alisema, hata salamu bado.

"Pole. Dada hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Ifungue hiyo uione."

Niliifungua. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye habu, na meno yalikuwa yameliwa kama mahindi yaliyopitiwa na panya. Nilimwambia haitengenezeki, inatakiwa habu nyingine. Nikazunguka naye madukani mpaka adhuhuri na hatukupata. Kitu pekee kilichokuwapo mjini kilikuwa gurudumu zima la nyuma, karibu jipya, lililotoka kwenye baiskeli ya mtumishi mmoja wa reli aliyerudi kwao. Fremu na usukani wa baiskeli hiyo, pamoja na wenzo wake, vilikuwa vimekwisha chukuliwa na mtu wa Usoke. Gurudumu hilo lilikuwa la gia nne.

Shemeji alifurahi kama mtoto. "Nne! Nimekuja na tatu, narudi na nne."

Nilimweleza kwamba mambo si mepesi hivyo. Habu ya gia nne ilikuwa pana kidogo kuliko ile yake, kwa hiyo uma wa nyuma wa fremu ilibidi kuupanua. Hilo niliweza, nilitia kipande cha mbao ya mninga katikati nikaupanua polepole, nikipima kwa uzi pande zote mbili. Gia ndogo ya nyuma ilikuwa na meno mawili zaidi, kwa hiyo mnyororo ukawa mfupi. Nalo niliweza, nilikuwa na vipande vya mnyororo wa upana uleule, nikaunga. Kilichonishinda ni wenzo. Wenzo wake ulikuwa na vituo vitatu, na habu ilitaka vinne. Na si kwamba kituo kimoja kinapungua tu, vingine vinabaki salama. Urefu wa kuvuta waya ulitofautiana kati ya kituo na kituo. Nilipokaza waya ili gia mbili za chini zishike vizuri, kituo cha tatu kiliangukia mahali patupu kati ya gia na gia. Hapo pedali ilizunguka bure. Hata ule mlio ulikoma.

Nikamwambia, "Niachie mpaka wiki mbili. Naandika barua Dar es Salaam leo hii, waniletee wenzo wa gia nne kwa treni."

"Wiki mbili? Mkaguzi wa shule anakuja Jumanne. Na nina wanafunzi wa ubatizo katika vijiji vitatu. Nitakwenda kwa miguu?"

"Basi nikuwekee gia moja ya kawaida."

"Ningetaka gia moja ningenunua punda." Alicheka. "Fanya ziwe mbili, shemeji. Mbili zinanitosha mpaka wenzo uje."

Wazo langu lilikuwa kuufunga wenzo kwa waya, usiweze kufika kituo cha tatu. Nilikwisha kata kipande cha waya, nikakishika mkononi. Akaingia mama mmoja na watu wawili waliobeba cherehani ya miguu iliyokatika mkanda, akitaka nimsaidie kuishusha isiangukie mlango. Nikaweka waya chini, nikaishika cherehani. Niliporudi shemeji alikuwa amekwisha panda, mguu mmoja chini, anatazama jua.

Hapa ndipo ninapokwama mpaka leo. Namwona waziwazi: kofia yake, mfuko wa vitabu nyuma, suruali aliyoibana kwa kamba chini isiliwe na mnyororo. Najiona mimi nikifuta mikono kwa kitambaa. Midomo yangu inasogea. Lakini sijui nilisema nini. Huenda nilisema, "Cha tatu usikiguse." Huenda nilisema, "Msalimu dada."

Aliondoka kwa njia ya zamani ya misafara, ile inayokwenda mashariki, kwa sababu ilikuwa fupi kuliko barabara ya magari.

Siku ya Alhamisi wiki iliyofuata akaja mtu kutoka stesheni na habari. Shemeji amefariki.

Niliyajua mengine baada ya kufika kijijini. Jumatatu asubuhi alikuwa akienda kufundisha wanafunzi wake wa ubatizo. Kuna korongo kavu nusu saa kutoka nyumbani kwake. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walimwona akiteremka kwa kasi, halafu akisimama juu ya pedali ili apande upande wa pili. Walisema alianguka mbele ghafla, kama mtu aliyevutwa. Ncha ya usukani ilimwingia chini ya mbavu za kushoto. Aliinuka, akajifuta vumbi, akacheka nao, akarudi nyumbani akiisukuma baiskeli. Alikula ugali mchana. Jumanne mkaguzi alikuja akamkuta amesimama mbele ya darasa, amejishika ubavu. Jumatano usoni alikuwa na rangi ya majivu. Wakambeba kwenye machela kumpeleka stesheni, na hawakufika. Mganga msaidizi wa zahanati aliutazama mwili akasema wengu, yaani bandama, umepasuka. Watu wetu wengi wana wengu uliovimba kwa malaria, na ukipigwa hupasuka kama chungu kibichi.

Tulimzika Ijumaa. Katekista aliomba, wanafunzi waliimba, dada yangu alilia mpaka sauti ikamwisha. Watu walipotawanyika kutafuta kivuli, niliiona baiskeli. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko, na hakuna aliyeigusa tangu mwenye nayo aiweke pale. Nilikwenda. Niliutazama wenzo. Ulikuwa kwenye kituo cha tatu.

Niliweka kiganja juu ya pedali nikakandamiza. Ikashuka mpaka chini bila kushika kitu chochote, kama mguu uliokosa ngazi gizani. Gurudumu halikusogea.

Nilirudi nikakaa pamoja na wanaume wengine. Sikusema neno.

Usidhani nilikaa kimya kwa hila. Nilikuwa nimepigwa na ganzi. Lakini ukimya ukishakaa mahali pa neno, huota mizizi, na siku tatu baadaye nilipopanda treni kurudi Tabora nilikuwa bado sijasema.

Kazini mambo yakaharibika. Mtu akiniletea baiskeli nilikuwa nikikandamiza pedali mara kumi, mara ishirini, mpaka mwenyewe ananiuliza natafuta nini. Mchana wa jua kali, baiskeli ya gia ilipopita barabarani ikilia tik, tik, nilisubiri. Mlio ukiendelea, nilipumua. Ukikatika, kwa kuwa tu mtu amekanyaga tena, niliinua kichwa nikatazama nje. Mara mbili niliona mgongo mrefu mwembamba na mfuko wa vitabu, nikaacha kazi nikamfuata mtu wa watu mpaka sokoni. Mke wangu alidhani nina homa.

Halafu dada yangu akaja. Alishuka kwenye treni na nguo zake za msiba, akakaa kwenye kigoda changu cha kazi.

"Kaka, wanataka kumfukuza shangazi."

Shangazi huyo alikuwa dada wa baba wa marehemu, mjane asiyekuwa na mtoto, aliyeishi katika kibanda pembeni ya boma lao. Ndiye aliyemlea shemeji baada ya mama yake kufa. Nilimfahamu kidogo: mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye kunusa tumbaku na kusema maneno machache.

"Amefanya nini?" niliuliza.

"Asubuhi ile mwenzangu akiondoka, shangazi alikuwa akipepeta mtama mlangoni. Akasema, 'Hiyo baiskeli yako inahesabu. Kitu kinachohesabu kina siku yake ya kumaliza.' Watu walisikia. Sasa kaka mkubwa wa marehemu amekwenda kwa mfumu, yeye Mkristo mzima, na huyo mpiga ramli amewaambia kifo kimetoka kwa mwanamke wa nyumbani, aliyesema neno asubuhi. Watoto wa boma wanamkimbia. Juzi wamelitia moto ghala lake. Jumapili wazee wa ukoo wanakaa."

Nilimtazama dada yangu. Nilitaka kumwambia pale pale. Badala yake nikasema, "Nitakuja."

Siku iliyofuata nilikwenda stesheni kuulizia kifurushi kutoka Dar es Salaam, nikakikuta. Kilikuwa kidogo, kimefungwa kwa karatasi ya kahawia. Ndani yake wenzo wa vituo vinne, umepakwa grisi, na waya wake.

Jumapili baada ya sala wazee walikaa kwenye uwanja wa boma, wanaume kwenye vigoda na wanawake chini upande wa jiko. Shangazi alikaa peke yake juu ya kinu kilicholazwa. Niliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja. Kisha nikaomba ruhusa nilete baiskeli ya marehemu.

Kaka yake mkubwa alikunja uso. "Ya nini?"

"Nataka kuwaonyesha kilichomwangusha."

Niliigeuza baiskeli, usukani na kiti chini, magurudumu juu. Nilimwomba yule kaka alishike gurudumu la nyuma kwa mikono miwili asiliachie. Nikaweka wenzo kwenye kituo cha kwanza, nikasukuma pedali kwa mkono. Gurudumu likamvuta mpaka akajongea kwenye kigoda. Kituo cha pili, likamvuta tena. Nikauweka kwenye kituo cha tatu, nikasukuma. Pedali ikazunguka, ikazunguka, mnyororo nao ukazunguka, na gurudumu mikononi mwake likatulia kama limelala.

Wanawake upande wa jiko waliinuka ili waone.

"Marehemu alikuwa amesimama juu ya pedali, uzito wake wote," nilisema. "Alikuwa anapanda korongo. Akasukuma wenzo kwa kidole, na chini ya miguu yake pakawa hapana kitu."

Kisha nikaufungua wenzo ule wa zamani mbele yao, nikafunga mpya. Nilichukua muda, hakuna aliyesimama. Nilipokaza waya nikamwomba ashike tena. Kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kila kimoja kilimvuta.

Yule kaka aliliachia gurudumu. Akaniuliza kwa Kinyamwezi, polepole, "Kwa hiyo wenzo ule haukuwa wa gurudumu hili."

"Haukuwa wake."

"Nani aliyeviunga pamoja?"

"Mimi."

Palikuwa na kuku anachakura karibu na miguu yangu. Nilimwangalia huyo, kwa sababu sikuweza kuangalia penye watu. Nilimsikia dada yangu akivuta pumzi.

"Sawa," alisema yule kaka hatimaye. "Chuma kilikosana na chuma, nimeona kwa macho yangu. Lakini kutoka kwako Tabora mpaka hapa alipanda, hakuanguka. Nani aliyepeleka kidole chake pale, asubuhi ile, kwenye korongo lile, baada ya neno lile?"

Nilikuwa nimekuja na spana. Kwa swali lile spana haifai. Wazee walianza kutikisa vichwa, na nikaona jambo linaniponyoka.

Dada yangu ndiye aliyesimama. Sauti ilikuwa haijamrudia vizuri, ikatoka kama ya mtu mwenye mafua.

"Kidole kilikuwa chake mwenyewe. Alikuwa na haraka. Ninyi nyote mnamjua. Hata siku ya harusi yetu alimtangulia katekista kufika altareni." Mtu mmoja alicheka, akajizuia. "Shangazi huyu amenipokea watoto watatu kwa mikono yake. Akiondoka yeye nyumbani hapa, naondoka na mimi na watoto wa ndugu yenu."

Wazee walijadiliana mpaka jua likaanza kupinda. Uamuzi wao ulikuwa nusu. Shangazi hana kesi, walisema, lakini asikae bomani kwa sasa, kwa kuwa watoto wanamwogopa na hofu ya mtoto haihukumiwi. Mimi sikutozwa chochote. Nadhani ningependa kutozwa. Nikasema shangazi aje kwangu Chemchem. Hakuniambia ndiyo wala hapana. Aliingia kibandani akatoka na kibuyu cha tumbaku, mkeka, na kijiko cha mti.

Mke wangu alimpa chumba cha uani. Alilima karanga nyuma ya nyumba na hakumsumbua mtu. Miezi ilipita kabla hajaligusa jambo lile. Mchana mmoja tulikuwa tunamenya karanga pamoja, mimi sina wateja. Akasema bila kuinua macho:

"Una hakika kilikuwa chuma tu?"

"Nina hakika, shangazi."

"Mimi sina." Alimenya chache. "Nilikuwa na hasira asubuhi ile. Alikuwa ametoka Tabora na hakuniletea tumbaku. Mtoto niliyemlea mgongoni, amesahau tumbaku ya senti. Ndiyo maana nikasema vile."

Akaniambia maneno yale yalitoka wapi. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba pembe kwenda pwani kwa njia ile ile, na kila alipoondoka mama yao alifunga mafundo kwenye kamba, fundo moja kwa siku moja, kwa hesabu ya siku za kwenda na kurudi. Kila asubuhi alifungua fundo. Safari ya mwisho kamba ilinyooka yote na baba hakutokea. Shangazi alikuwa mtoto anayeanza kuota meno ya pili. Tangu siku hiyo, alisema, hakupenda kitu chochote kinachohesabu.

"Basi niambie wewe uliyesoma," alisema. "Neno langu halikuongeza kitu?"

Ndipo nikamwambia nilichokuwa sijamwambia mtu: ule waya niliouweka chini, ile cherehani, na midomo yangu ninayoiona ikisogea bila sauti. Nilimwambia sijui kama nilimwonya.

Hakunifariji. Alisema tu, "Kumbe," akavuta ungo karibu na miguu yangu ili maganda yasimwagike. Tuliendelea kumenya mpaka gunia likaisha.

Baada ya kiangazi kingine, yule kaka mkubwa wa marehemu alifika kibarazani kwangu na ile baiskeli. Nilisimama. Alikuwa amezeeka haraka.

"Toa hizo gia zote," alisema. "Weka moja."

"Hii ni nzima sasa. Wenzo wake ni wake. Gia zote nne zinashika."

"Najua. Toa."

Nikalitoa gurudumu, nikaweka lingine la kawaida. Niliurudisha uma wa fremu kwa ule upana wake wa zamani, nikakata mnyororo, nikafungua wenzo na waya kutoka kwenye usukani. Alikaa akitazama kila kitu kinavyotoka. Nilipomaliza nikamkaribisha chakula, naye akakubali. Tulipita uani. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake.

Yule kaka alisimama mbele yake, kofia mkononi. "Shikamoo, shangazi."

Shangazi alimtazama muda mrefu mpaka mke wangu akatoka jikoni kuona kuna nini.

"Marahaba," alisema. "Umekula?"

"Bado, shangazi."

"Watakupa." Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa jirani, na hakurudi mpaka mgeni alipoondoka. Aliishi nasi miaka minne zaidi. Kijijini kwao walimwita mara mbili arudi, na mara zote mbili alijibu kwamba karanga zake bado hazijakomaa.